Mkono Mpaka Kiwiko

Kabla hajakamua ng'ombe, kabla hajawasha jiko, huteremka bwawani, hupiga magoti kwenye tuta, hukunja mkono wa sweta na kuutia majini, kiganja kimelala wazi kama cha mtu anayepokea kitu. Macho yake yako kwenye vidole. Vinafifia taratibu, vinageuka kivuli, kisha vinapotea maji yanapogusa kiwiko. "Leo yako sawa," anasema, anainuka na kupangusa mkono kwenye leso. Haichukui hata dakika moja. Mimi ilinichukua siku tatu kuelewa alikuwa akisoma nini.

Nimezaliwa pwani. Kwetu samaki hutafutwa: mvuvi hutoka usiku, na akirudi mtupu husema bahari imekataa, basi. Kumkuta samaki katikati ya shamba la mahindi kwenye vilima vya Machakos, nchi ambayo mito yake mingi ni mchanga mtupu kwa miezi kadhaa ya mwaka, kulinifanya nitabasamu kama niliyeambiwa kuna minazi Limuru. Mwenye bwawa hakukasirika. Majirani humwita kwa jina la kifunguamimba wake; mimi nilimwita Mama, na nitamwita hivyo hapa. "Hata mimi nilicheka," aliniambia. "Na mama mkwe wangu alikataa katakata samaki asipikwe kwenye sufuria yake. Alisema huyo ni nyoka aliyeota mapezi."

Samaki walikuwa wageni, lakini kazi ya kushika maji ni ya nyumbani. Matuta ya fanya juu, ambayo mkulima huchimba mtaro kuzunguka kilima na kutupa udongo upande wa juu, yalienea hapa tangu miaka ya 1950, mpaka leo ukitazama vilima kutoka barabarani unaona ngazi. Mito ya msimu imekatwa kwa kuta za mawe ili mchanga ujae nyuma yake na maji yajifiche ndani ya mchanga huo, jua lisiyaone. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kizima kuhusu Machakos, jinsi watu walivyozidi kuongezeka huku mmomonyoko wa udongo ukipungua, kinyume kabisa na yale maafisa wa kikoloni waliyoyatabiri miaka ya 1930. Bwawa la samaki ni kitindamimba katika ukoo huo.

Bwawa la Mama lina urefu wa mita 20, upana wa mita 15 na kina cha mita 2 katikati, kuta zake zimelala kwa mteremko ili zisiporomoke. Likijaa hushika lita laki nne na zaidi kidogo. Niliuliza, kama wageni wote wanavyouliza, kama maji hayo yametoka kwenye paa. Akanipa hesabu, naye anaijua kama wengine wanavyojua bei ya sukari. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita 80 za mraba, katika msimu wa milimita 300, hutoa lita elfu 24, tena kama hakuna tone lililopotea. Ukizimwaga zote bwawani huwezi kulowa magoti. Kinachojaza bwawa ni kilima na barabara. Hekta moja ya mteremko hupokea lita milioni tatu kwa mvua hiyo hiyo. Hata ardhi ikinywa nne kwa tano, laki sita zitashuka. "Mvua haikosi," alisema. "Inapita tu mlangoni bila kubisha."

Basi yeye ameiwekea mlango. Mtaro unakusanya maji kando ya barabara ya vumbi, unazunguka chini ya matuta, unaingia kwanza kwenye shimo la kutuliza tope kabla ya kufika bwawani. Mlangoni kuna ubao mmoja wa mbao, na ubao huo nadhani ndio wenye akili kuliko kitu chochote katika shamba lile. Dhoruba ya kwanza ya Oktoba haiingii. Hiyo huosha barabara, hubeba mafuta ya malori, dawa zilizopuliziwa nyanya za jirani, kinyesi cha miezi minne. Mama huiacha ipite, inywewe na migomba iliyopandwa bondeni. Ya pili huitazama rangi. Ya tatu ndiyo huinuliwa ubao. Kila mtu anapofurahia mvua imefika, yeye anaifukuza, na kufanya hivyo katika nchi kame kunahitaji moyo.

Kuhusu udongo sitakaa sana. Ukitaka kujua kama utashika maji, unalowesha kidogo, unafinyanga donge, unalirusha juu na kulidaka. Likibaki donge, chimba. Wengine huchanganya udongo wa kichuguu na kuwaachia ng'ombe waukanyage. Udongo wa Mama ulikuwa na mchanga mwingi, kwa hiyo alitandika ile karatasi nzito nyeusi ya plastiki ambayo wauzaji wanaiita laina. Jambo moja tu ningependa kila mwenye laina alisikie: ikilowa, huteleza kiasi kwamba mbuzi akiingia hatoki, na mtoto pia hatoki. Bwawa lake lina ua wa miiba pande zote na kamba nene zenye mafundo zinazoning'inia mpaka majini, kila upande. Alizifunga kabla ya kumwaga samaki hata mmoja.

Sasa turudi kwenye mkono.

Maji ya mvua yakiingia bwawani ni maji maskini. Hayana chumvichumvi za mawe, hayana chakula, yana tope tu. Samaki akitiwa humo ataishi, lakini kama mgeni katika nyumba isiyo na moto. Ni lazima kwanza maji yapikwe. Mama hutawanya chokaa ya shambani, kwa sababu penye tindikali mbolea hupotea bure, na maji ya mvua peke yake hayana nguvu ya kuituliza tindikali hiyo. Wiki moja au mbili baadaye huleta samadi. Haimwagi ovyo, huishindilia kwenye kizimba cha fito kilichosimamishwa pembeni ndani ya bwawa, ikachujika polepole kama majani ya chai. Jua likiwaka siku kadhaa, maji huanza kugeuka. Vijimea ambavyo jicho haliwezi kuviona kimoja kimoja huzaana kwa mamilioni, vijidudu hula vijimea, vifaranga wa samaki hula vyote viwili. Rangi anayoitaka ni ile ya majani machanga ya kunde, siku mbili kabla ya kuchumwa.

Vidole vikionekana hata baada ya kiwiko kuzama, maji yana njaa, huongeza samadi. Vikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, kijani kimezidi, hukitoa kizimba na kukiweka juani. Wataalamu wana kisahani cheusi na cheupe cha kupimia jambo hili, nao hutaka kipotee kwenye sentimita 30 hivi. Kutoka kifundo cha mkono wa Mama hadi kiwiko chake ni karibu kiasi hicho hicho, na kifaa chake hakihitaji kununuliwa wala hakisahauliki nyumbani.

Lakini mkono hudanganywa. Tope nalo huficha vidole. Mwanafunzi wa mambo haya, na niliona mmoja akikosea mbele yangu, hutia mkono kwenye maji yenye tope, akaona vidole vimepotea, akasema chakula kipo tele. Mama huchota maji kwenye glasi na kuiweka dirishani mpaka jioni. Tope huketi chini. Kijani hubaki kimeelea. Ikiwa ni tope, hutawanya nyasi kavu juu ya maji, na nyasi zikianza kuoza zile chembe za udongo hushikana na kuzama. Nilimwuliza alijifunza wapi. Akasema alijifunza kwa kupoteza.

Hasara ilitokea mwaka wake wa pili. Ilikuwa Mei, siku tano za mawingu mfululizo, naye aliendelea kulisha na kuweka samadi kama kawaida. Vijimea vinavyotoa oksijeni mchana huivuta usiku kama sisi tunavyopumua. Jua lisipowaka, kinachotoka ni kidogo na kinachotumika ni kile kile. Chakula kilichobaki chini nacho huoza, na kuoza hula hewa. Alfajiri ya siku ya sita alikuta samaki wote juu, midomo wazi, wakipiga funda la hewa. Hakujua maana yake. Aliwaza wana njaa, akawamwagia pumba. Saa tatu asubuhi karibu nusu walikuwa wameelea ubavu.

Sasa siku ya mawingu hakuna anayekula bwawani. Na asubuhi, hata ya jua, hawalishi kabla ya saa nne, kwa sababu alfajiri ndiyo saa ambayo maji yana pumzi ndogo kuliko zote, na kiumbe anayehema humlemei kwa chakula. Mkononi mwake mna ratiba isiyoandikwa: akiona midomo juu, huwaamsha watoto, kila mmoja ndoo, wanachota na kumwaga kutoka juu maji yapasuke na kubeba hewa, mwingine anapiga bwawa kwa matawi. Ni kelele tupu. Majirani wanapozisikia alfajiri wanajua kuna nini, na mmoja wao, mzee ambaye hali samaki mpaka leo, huja na ndoo yake.

Samaki wenyewe ni ngege, wanaoitwa perege kwingine na sato kule Mwanza, ambao sokoni Kenya nzima huitwa tilapia. Ni kiumbe mvumilivu, hula karibu kila kitu, hufurahia joto la nyuzi 25 hadi 30, na ana kasoro moja tu ambayo ndiyo imewafilisi wengi: anazaa mno. Jike wa miezi mitatu, hajafika hata uzito wa mayai mawili ya kuku, tayari huchukua mayai kinywani mwake. Huyaatamia humo bila kula, mashavu yamevimba, mpaka vichanga viogelee wenyewe, na hata baada ya hapo hofu ikitokea hufungua mdomo vikarudi ndani. Inapendeza kutazama. Ila baada ya miezi sita mkulima aliyetia samaki 600 hukokota wavu na kukuta maelfu, kila mmoja sawa na kiganja cha mtoto, wamegawana chakula mpaka hakuna aliyekua.

Vituo vya kuzalisha vifaranga huuza madume watupu, waliolishwa homoni ya kiume katika wiki tatu au nne za mwanzo wa maisha yao. Mama aliwahi kununua wa namna hiyo kwa mchuuzi mmoja. Nusu yao wakazaa. Tangu hapo hamwamini mtu ila jicho lake. Vifaranga wakifika gramu 25 au 30 huwaweka kwenye karai la maji, humshika mmoja mmoja kwa mkono uliolowa, tumbo juu, na kutazama karibu na pezi la nyuma. Dume ana matundu mawili, jike matatu. Hilo la tatu ni mstari mwembamba kuliko uzi wa kushonea. Mimi niliangalia samaki kumi, nikapata sita, na kati ya sita hao nadhani wawili nilibahatisha. Yeye huangalia, anatupa kulia, anaangalia, anatupa kushoto, huku akinisimulia habari za harusi ya binti ya dada yake. Majike hawatupwi, hukaangwa, au huenda kwa kuku.

Kwa kuwa hakuna jicho lisilokosea, baadaye huongeza kambare wachache, wakati ngege wameshakuwa wakubwa kiasi cha kutomezwa. Kambare husafisha vichanga vilivyoponyoka. Ndiye samaki aliyemtisha zaidi mama mkwe, mwenye sharubu na ngozi bila magamba, na ndiye anayefanya kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza.

Niseme neno kuhusu mwaka 2009, kwa sababu ukitembea vijijini Kenya utakuta mashimo ya mstatili yaliyoota nyasi na utajiuliza. Mwaka huo serikali, katika mpango wake wa kuchochea uchumi, iliamua yachimbwe mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, kila bwawa mita za mraba 300. Mabwawa elfu 28. Kuchimba kulikwenda vizuri, shimo ni kitu kinachoweza kuagizwa. Lakini mengi yaliachwa baadaye. Chakula kilikuwa ghali, vifaranga wazuri haba, na sehemu nyingine maji yalikwisha samaki wakiwa bado wadogo. Siwacheki waliochimba. Bila kelele za mpango ule, watu wengi wa bara wasingewahi kufikiri kwamba samaki anafugika. Ila namna ya kutia mkono majini kila asubuhi haikuweza kugawiwa pamoja na vifaranga.

Chakula nitakipita haraka. Omena waliosagwa, pumba, mashudu ya alizeti, vikichanganywa na kufinyangwa. Wadogo hula sehemu ya kumi ya uzito wao kwa siku, wakubwa asilimia tatu hivi. Samaki 600 wa gramu 100 ni kilo 60, kwa hiyo chini kidogo ya kilo mbili. Mama huwarushia mahali pale pale, saa ile ile, na akiona hawaji kwa fujo husimama na kurudi na ndoo yake. Mara moja kwa mwezi huvua ishirini na kuwapima. Dhidi ya mdiria na korongo amefunga kanda za kaseti kuukuu kutoka ukuta hadi ukuta, zinapepea na kumetameta. Nyimbo za zamani, alisema, zimepata kazi mpya.

Kilichonishika zaidi ni kalenda. Bwawa la chemchemi au la mtoni linaweza kungoja. La mvua haliwezi, kwani tangu siku linapojaa linaanza kuondoka. Jua la Machakos hunywa milimita 5 kwa siku, pengine zaidi upepo ukivuma. Juu ya mita za mraba 300, hizo ni lita 1,500, mitungi 75 ya lita 20, kila siku, bila mtu kuibeba. Mama hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko za Machi hadi Mei, kama wakulima wengi wa huko. Kwa hiyo hujaza Novemba, hupika maji, hutia vifaranga Desemba. Masika huongeza kina. Kuanzia Juni hakuna tone linaloongezeka, na hapo hapo baridi ya Julai inafika, ngege wanapoa, wanakula kidogo, hawakui. Samaki hawasogei, maji yanashuka. Kipindi hicho ndicho kinachowashinda wengi; mtu hushawishika kungoja joto lirudi ili samaki waongeze gramu 50, na joto linaporudi maji hayapo.

Na kuna madai mengine juu ya maji yale yale. Sukuma wiki na nyanya za chini ya tuta nazo zina kiu. Mita mbili, toa sentimita 60 za jua kutoka Juni hadi mwisho wa Septemba, acha mita moja isiyoguswa ili samaki wawe na mahali pa kujikinga na joto la mchana na ubaridi wa usiku. Kinachobaki kwa mboga ni sentimita 40, lita elfu 90 hivi. Ameweka alama kwenye mti uliosimikwa bwawani, tambara jekundu kwenye mita moja. Mume wake, aliye mtu wa nyanya, amewahi kulishusha tambara hilo usiku. Walicheka wote wawili waliponisimulia, lakini si kicheko cha aina moja. Maji ya bwawa yana mbolea ya samaki ndani yake, na majani ya sukuma wiki iliyonyweshwa humo ni mapana, meusi karibu na bluu. Kwa hiyo nyanya nazo zina hoja.

Nilikuwepo siku ya kuvua, katikati ya Agosti, wiki moja hivi kabla ya muhula wa tatu. Tangu juzi yake samaki hawakulishwa, ili matumbo yawe matupu na nyama ikae vizuri njiani. Pampu ya kukanyaga ilikuwa imeteremsha maji mpaka kwenye tambara jekundu na kulipita, na nyanya zilikunywa siku hiyo kuliko siku zote. Alfajiri vijana wanne walishika wavu wa kukokota, ambao kwetu tungeuita juya, wakautembeza kutoka upande wa kina kidogo. Maji yalichemka. Kati ya 600 walitoka 487, wengi gramu 250 na kitu, kilo 120 kwa jumla. Wanunuzi walishapanga foleni kwenye ua wa miiba na makarai, kwani Mama alipitisha habari kanisani Jumapili na tena kwenye chama Jumatano. Samaki asiye na barafu hangoji kesho, kwa hiyo yeye humtafuta mteja kabla ya kumtafuta samaki. Saa tatu na nusu walikuwa wameisha. Karo ililipwa kwa simu pale pale juu ya tuta, mikono bado ina magamba.

Sita hakuwauza. Hao alikuwa amewatoa siku tatu mapema na kuwaweka kwenye tangi la maji safi, bila chakula, ili ile ladha ya tope iwatoke. Aliwakaanga mchana, ndani ya sufuria ya mama mkwe, na bibi mwenyewe alikuwa amekaa kivulini akingoja fungu lake, la mkia.

"Haya, mtu wa bahari," Mama aliniambia. "Sema."

Nilitafuta tope kwa ulimi. Nilitafuta tena kwenye kipande cha pili, kisha nikachukua cha tatu. Yeye hakungoja jibu. Alikuwa amekwisha kuchukua jembe na kuteremka kwenye lile shimo la kutuliza tope, ambalo lilikuwa limejaa mpaka nusu, na kuanza kuchota, karai baada ya karai, akipeleka miembeni. Oktoba ilikuwa imebakiza wiki saba.